Jinsi ya Kumshinda Panya Nyumbani na Dukani



Wazee wetu husema kwamba panya huuma huku akipuliza. Maana yake ni kuwa hukutafuna kisigino usiku pole pole, nawe unaendelea na usingizi wako mtamu, mpaka asubuhi ukikanyaga sakafu ndipo ujue kwamba umeliwa. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa bwenini aliamka hivyo hivyo. Tulicheka sana siku ile, na yeye mwenyewe alicheka. Lakini mimi sikucheka kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa na jambo langu juu ya panya ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote hapa shuleni. Leo nataka kulieleza, na pamoja nalo nieleze yale niliyojifunza baadaye kwa kusoma, kwa kuuliza, na kwa kufanya kazi na wenzangu wa chama cha Biolojia. Naamini yatawafaa wote ambao nyumbani kwao kuna jiko, ghala au duka.

Kosa langu

Mama yangu ana duka dogo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Huuza unga, mchele, maharage, sukari, chumvi na sabuni. Duka hilo ndilo linipatialo nauli ya kuja shuleni, madaftari na viatu. Likizo ya Desemba iliyopita nilipofika nyumbani nilimkuta mama hana raha. Magunia yalikuwa yametobolewa kwenye pembe, na kila asubuhi alikuwa akifagia mchele uliomwagika. Siku moja mteja wetu wa miaka mingi alirudisha kilo mbili za unga. Hakugomba. Alisema tu kwa upole kwamba ameona mavi ya panya ndani yake. Mama alimrudishia fedha zake, lakini tangu siku hiyo mteja yule alianza kununua unga duka la ng'ambo ya barabara.

Mimi nilijiona msomi. Nilikwenda sokoni nikanunua sumu ya panya kwa mchuuzi apitaye akitangaza bidhaa zake. Ilikuwa katika kipakiti cha nailoni kisicho na maandishi yoyote. Nikaichanganya na dagaa wa kukaanga, nikaiweka nyuma ya magunia na chini ya meza. Asubuhi tulikuta panya wawili wamekufa, nami nikatembea kifua mbele.

Siku ya tatu harufu mbaya ilianza kutoka darini, kwa sababu panya wengine walikuwa wamekwenda kufia huko. Paka wa jirani yetu alikutwa amekufa kando ya shimo la takataka. Na jioni ya siku hiyo hiyo mama alisikia mdogo wangu, mtoto wa miaka mitatu, akicheka peke yake chini ya meza. Alipoinama alimwona ameshika dagaa mkononi.

Mama alimpokonya, akamfunga mgongoni, tukakimbia mpaka kituo cha afya. Tabibu alituuliza swali moja tu: "Ni sumu gani?" Mama akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, sumu hiyo inaitwaje?" Sikuwa na jibu. Nilitoa kile kipakiti mfukoni, tabibu akakigeuza huku na huku, hakuna hata neno moja. Ilibidi wamweke mtoto pale usiku kucha wakimtazama, maana hawakujua watazamie dalili gani. Namshukuru Mungu, ilionekana kwamba hakuwa amemeza kitu. Lakini usiku ule nilioketi kwenye benchi la kituo cha afya sitausahau.

Na jambo la kushangaza ni hili: kabla likizo haijaisha, panya walikuwa wamerudi dukani, na magunia yakaendelea kutobolewa kama kwamba sikufanya lolote. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: kwa nini?

Mjue adui yako

Jibu la swali hilo nililipata kwanza kwa kumjua panya mwenyewe. Katika nyumba zetu huonekana aina tatu zaidi ya nyingine. Wa kwanza ni panya wa darini, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili wake, masikio ni makubwa, naye ni hodari wa kupanda kuta, miti na nyaya. Wa pili ni panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, ambaye mtu mzima wake huweza kukaa katika kiganja cha mtoto. Wa tatu ni panya wa shamba, Mastomys natalensis, ambaye hukaa mashambani lakini baada ya mavuno huyafuata mahindi mpaka nyumbani. Katika miji ya bandari yuko pia panya mkubwa wa mitaroni, Rattus norvegicus, apendaye kuchimba na kukaa karibu na maji.

Yafaa kuwatofautisha, maana tabia zao si moja. Ukitega mtego sakafuni kwa ajili ya panya alalaye darini na kupita juu ya boriti, utangoja sana.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa hiyo hutafuna daima, na kwa kutafuna huyapunguza na kuyanoa. Mbao, plastiki, gunia, saruji iliyo mbovu, hata waya wa umeme, vyote hutafunwa. Mabati mazima na kioo humshinda.

Panya wa darini hubeba mimba kwa muda wa siku 21 hadi 23 tu. Kwa kawaida huzaa watoto 6 hadi 8, na watoto hao nao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Panya wa shamba huzaa zaidi ya hapo, kwani watoto 10 au 12 kwa mara moja si ajabu kwake. Mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, majani na mbegu hupatikana mapema, naye huanza kuzaa mapema, hata mwaka huo mashamba hujaa panya.

Basi sasa tazama kosa langu lilikuwa wapi. Niliwaua panya kadhaa, lakini niliwaachia waliobaki chakula kile kile, maficho yale yale na milango ile ile. Waliobaki wakala wakashiba, wakazaa, na wa nje wakaingia kujaza nafasi iliyokuwa wazi. Idadi ya panya katika nyumba haipimwi kwa sumu iliyowekwa. Hupimwa kwa chakula kilichoachwa wazi na matundu yasiyozibwa.

Hasara yake

Wako watu wasemao, "Panya anakula kidogo tu, mwache." Haya, tufanye hesabu. Panya wa darini mmoja hula kama gramu 20 za nafaka kwa siku. Panya 30 katika ghala watakula gramu 600. Kwa siku 90, yaani kama muhula mmoja wa shule, watakuwa wamekula kilo 54. Hilo ni zaidi ya nusu ya gunia la kilo 100. Tena hicho ni kile walichokimeza tu. Panya mmoja huangusha mavi kama 40 kwa siku, na mkojo humtoka kila apitapo. Kwa hiyo anachokichafua ni kingi kuliko anachokila, na gunia lililotobolewa humwaga hata kile ambacho hakukigusa.

Hasara ya pili ni magonjwa. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliozuka katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, ulikuwa ni homa ya mgunda. Wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, na 3 kati yao walifariki. Vijidudu vya homa hiyo hukaa katika figo za panya na wanyama wengine, hutoka kwa njia ya mkojo, na humwingia mtu kwa kupitia jeraha, macho au mdomo, hasa pale penye maji na matope.

Ugonjwa mwingine ni tauni. Katika milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa inarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini, na watu zaidi ya 7,000 waliugua. Tauni haienezwi na meno ya panya, bali na viroboto wakaao katika manyoya yake. Panya akifa na mwili wake ukapoa, viroboto humwacha na kutafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili huo waweza kuwa wako. Kwa sababu hiyo, mahali penye tauni wataalamu huua viroboto kwanza ndipo waue panya. Na kwa sababu hiyo pia, hapana mtu apasaye kumshika panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Mimi nilipowashika wale wawili kwa mikia yao na kuwaonyesha watoto wa jirani, nilikuwa sijui nifanyalo.

Kwanza, ziba

Methali yetu yasema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa panya, methali hii ni amri hasa.

Panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu la milimita 6 tu. Kipimo chake ni rahisi: chukua penseli yako ya shuleni. Tundu lipitishalo penseli, lapitisha panya mdogo. Zunguka nyumba mchana, ndani na nje, ukiwa na penseli mkononi. Tazama chini ya milango, pembe za madirisha, mahali bomba lipitapo ukutani, na mahali paa likutanapo na ukuta.

Tundu dogo lijaze nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha funika kwa saruji. Usijaze matambara wala karatasi, maana hayo utakuwa umempelekea kitanda. Chini ya mlango wa mbao pigilia kipande cha bati, mwanya ubaki mwembamba kuliko penseli. Madirisha ya ghala yawekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Matawi ya mti yaliyoegemea paa yakatwe.

Mwenye kihenge cha miti afuate desturi ya wakulima wengi: nguzo ziwe ndefu kiasi cha mita moja, na kila nguzo ivalishwe bati lenye umbo la kofia iliyofunuliwa chini. Panya atapanda mpaka hapo, atateleza, atarudi chini. Lakini ngazi isiachwe imeegemezwa usiku, maana ngazi hiyo si ya mwenye nyumba peke yake.

Pili, mnyime chakula na maji

Nyumbani, unga na nafaka zikae katika pipa, debe au ndoo ngumu yenye mfuniko unaobana. Mfuko wa nailoni si kinga. Vyombo vya jioni visilale na makombo. Pumba za kuku na chakula cha mbwa visiachwe nje usiku. Takataka zitupwe kabla ya giza, au zifunikwe. Bomba livujalo litengenezwe, maana panya wa darini na wa mitaroni huhitaji maji kila siku.

Dukani na ghalani kuna kanuni zake. Magunia yasiwekwe juu ya sakafu, bali juu ya vichanja vya mbao, na yasiguse ukuta. Katika ghala kubwa iachwe njia ya futi moja na nusu kati ya magunia na ukuta, ili mtu apite na kufagia. Panya hapendi mahali peupe, hupenda kupita kando ya ukuta akiwa amefichwa na kitu. Magunia mapya yakaguliwe kabla ya kuingizwa, kwani mara nyingi panya huja na lori pamoja na mzigo. Na kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, maana gunia likaalo pembeni miezi mitatu ndilo liwalo chumba cha kuzalia.

Tena mwenye duka asifanye kazi hii peke yake. Maduka yaliyopangana chini ya paa moja ni nyumba moja kwa panya. Ukimfukuza kwako atahamia kwa jirani, na jirani akilala atarudi kwako. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Tatu, tega

Baada ya kuziba na kuficha chakula, panya waliobaki ndani watakuwa na njaa, na hapo ndipo mtego ufanyapo kazi yake. Wengi hutega kwanza, tena katikati ya chumba, kisha husema panya wa kwao ni wachawi.

Si uchawi, ni tabia. Panya haoni vizuri. Hutembea akigusisha sharubu zake ukutani. Basi mtego wa kubana uwekwe kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani. Panya wakubwa huogopa kitu kipya, kwa hiyo uweke mtego wenye chambo usiku mbili au tatu bila kuutega, mpaka wazoee kula hapo, ndipo utege. Tega mingi kwa pamoja, si mmoja. Chambo kiwe kidogo na kikazwe vizuri: kipande cha nazi iliyochomwa, karanga iliyosagwa, au dagaa. Mitego ya gundi siipendi, maana panya hufa polepole kwa mateso, na mijusi na vifaranga hunaswa pia.

Pua ya panya ni ya ajabu. Pale Morogoro panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na hata kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Mnyama mwenye pua na akili ya namna hiyo hakamatwi kwa mzaha. Panya wa nyumbani akionja kitu kikamwumiza tumbo bila kumwua, hatakigusa tena.

Juu ya sumu

Hiyo ndiyo sababu sumu kali iuayo upesi huweza kushindwa: anayeonja kidogo hupona, naye huwa ameelimika. Katika mwaka 1948 ilianza kutumiwa sumu iitwayo warfarini, ambayo huzuia damu isigande. Haimwumizi panya mara moja, hivyo hula siku kadhaa bila kushuku, kisha hufa kwa kutokwa damu ndani ya mwili. Mtu au mnyama aliyeila huweza kutibiwa kwa vitamini K, lakini ni lazima daktari ajue kwamba ni sumu ya aina hiyo. Sumu nyingine, kama zinki fosfidi, hutoa hewa ya sumu inapokutana na majimaji ya tumboni, na haina dawa ya kuiondoa nguvu. Sasa mwaelewa kwa nini tabibu alituuliza swali lile, na kwa nini kipakiti kisicho na jina ni hatari mara mbili.

Sisemi sumu isitumike kamwe. Nasema iwe ya mwisho, si ya kwanza. Inunuliwe katika duka halali la pembejeo, yenye jina, maelezo na onyo juu ya pakiti yake. Iwekwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, chenye tundu la panya tu. Isichanganywe na chakula ambacho mtoto anakijua na kukipenda. Pakiti itunzwe. Ikitokea ajali, mchukue mgonjwa pamoja na pakiti hiyo mpaka hospitali upesi, wala usimlazimishe kutapika.

Tena kumbuka paka na bundi. Akimla panya aliyekula sumu, naye huweza kufa, nawe umemwua askari wako. Najua kwamba wengi wetu tumefundishwa kumwogopa bundi na kumpiga mawe. Lakini bundi huishi kwa kula panya. Humeza mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa kama kidonge. Chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara yetu tumeokota vidonge hivyo na kuvipasua, na ndani tumekuta mafuvu ya panya. Yeye alikuwa akifanya kazi bila mshahara, na sisi tulimwita mkosi.

Kusafisha baada ya vita

Mavi makavu ya panya yasifagiliwe, kwa sababu vumbi lake huingia puani. Fungua madirisha kwanza, vaa glavu, lowesha mahali hapo kwa maji yenye dawa ya klorini, ngoja dakika tano, kisha futa kwa kitambaa. Panya aliyekufa mchukue kwa mfuko wa nailoni uliogeuzwa juu ya mkono, umfukie chini sana. Nawa mikono kwa sabuni.

Tulivyofanya shuleni

Nilipowaeleza wenzangu wa chama cha Biolojia habari hizi, mmoja alishauri kwamba wanafunzi walipwe kwa kila mkia wa panya utakaoletwa. Mwalimu wetu alitabasamu, akatusimulia habari za mji wa Hanoi. Mwaka 1902, Wafaransa waliotawala huko walilipa fedha kwa kila mkia. Mikia ikaja kwa maelfu. Kisha wakaanza kuona mitaani panya wazima wasio na mikia. Watu walikuwa wakikata mkia na kumwachia panya akazae, na wengine wakawafuga kabisa. Basi mwalimu akasema, "Msihesabu panya waliokufa. Hesabuni waliobaki."

Tulifanya hivyo. Katika stoo ya chakula tulinyunyiza unga kidogo mahali 10 sakafuni wakati wa jioni. Asubuhi tulikuta nyayo za panya mahali 9. Ndipo kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu na mtunza stoo tukazunguka na penseli zetu. Tulipata matundu 14, na chini ya mlango mwanya wa vidole viwili. Mafundi wakatupa saruji na bati, tukaziba sisi wenyewe Jumamosi mbili. Magunia yakapandishwa juu ya vichanja, na mitego 12 ikawekwa kando ya kuta. Baada ya wiki nne tulinyunyiza unga tena. Nyayo zilikuwa mahali 2 tu. Hatukutumia sumu hata chembe.

Bwenini bado kazi haijaisha, na hapa nawasema wenzangu na kujisema mwenyewe. Stoo ina mlango mmoja, lakini bweni lina matranka 60, na katika matranka hayo mna karanga, kashata, mikate na sukari ambavyo mwenye navyo hutaka visijulikane na mwalimu wala rafiki. Panya anavijua vyote. Tranka lisilofunga sawasawa ni duka lake. Ukitaka kuweka chakula, kiweke katika kopo la bati lenye mfuniko, na makombo uyatoe kabla ya taa kuzimwa. La sivyo kisigino kitakacholiwa kesho ni chako.

Nyumbani nako nilikwenda likizo fupi ya mwezi Aprili nikiwa na penseli mfukoni. Mimi na mama tuliziba, tukanunua mapipa mawili ya plastiki ngumu na kuyainua juu ya kichanja, nikatega mitego minne kwa chambo cha nazi. Mdogo wangu nilimpa kazi ya kushika penseli na kunionyesha matundu, naye aliyaona mengine ambayo mimi sikuyaona, kwa kuwa macho yake yako karibu na sakafu. Yule mteja wetu bado ananunua ng'ambo ya barabara. Mama asema imani ya mnunuzi hutoka kwa siku moja, lakini kurudi kwake huchukua mwaka. Nami nangoja.

Basi, ndugu wasomaji, mkifunga shule muhula huu, kila mmoja wenu na aende nyumbani na penseli yake. Atafute tundu kabla ya kutafuta sumu. Kazi hii haina sifa nyingi, kwa kuwa hakuna mkia wa kuwaonyesha majirani. Lakini unga utabaki mweupe, na mtoto ataweza kucheza chini ya meza.